Hivi kwanini safari ya kukurupuka ndo inakukutanisha na watu? (Tulienda Veyula tukajikuta Kolo)

#1 Mwana wa Ihumwa
Wakuu habari za jioni.

Kuna kitu kinanisumbua kichwa tangu jumamosi. Mimi ni mtu wa kusafiri sana kikazi, Dodoma Dar, Dodoma Mwanza, tiketi nakata siku tatu kabla, siti ya dirishani, na nikishuka simjui hata niliyekaa naye masaa nane, ninachokijua kwake ni kiwiko tu. Lakini jumamosi nimetoka na jamaa yangu na IST yangu kwenda Veyula kuangalia kiwanja. Tumefika dalali hayupo, simu inaita tu. Jamaa akasema si tusogee Makutupora tukatafute zabibu, tumefika tunaambiwa zimeisha, basi tukasema Mayamaya tunywe soda. Sasa mtu ukishafika Mayamaya lami ile imenyooka hivi na mafuta yapo kurudi unaona aibu. Mara Haneti. Mara Chemba.

Pale Chemba mzee mmoja katupungia mkono, ana jogoo kafungwa miguu na begi la shule la mjukuu wake, anaenda Kolo. Jamaa akamuuliza mzee Kolo kuna nini, akasema "kuna watu ukutani". Basi ndo tukaenda Kolo hivyo.

Tumepita Kondoa, ule mwinuko gari ikachemsha. Mshale juu, moshi mbele, maji hatuna hata chupa moja maana tulitoka kwenda Veyula! Tumekaa kama dakika arobaini hivi, ikapita gari imejaa akina mama na vitenge vya sare, wakasimama, wakashusha dumu la maji la lita 20, mmoja akasema "mtaturudishia mkitukuta mbele", wakaondoka. Hatukuwakuta tena.

Kolo pale tukakutana na wazungu wawili wa baiskeli, mtu na mkewe, Waholanzi, wametoka Cairo wanaenda Cape Town. Wamekaa kwenye benchi la mama ntilie wanakula wali maharage, mwanaume kageuza baiskeli anaziba pancha. Ana daftari dogo limelowa likakauka mpaka kurasa zimekuwa kama chapati za maji, kila anayekutana naye anamwandikisha jina la kijiji chake, sio jina la mtu. Nikaandika Ihumwa. Mzee akaandika chake, kwa herufi kubwa, taratibu, jogoo kwapani.

Tukapanda wote kule Mungomi wa Kolo kwenye michoro ya kale ya miambani, watu watano na jogoo. Tumerudi Dodoma saa nne usiku.

Swali langu sasa, kwanini safari nilizopanga miaka yote sijawahi kupata mtu hata mmoja na hii ya kukurupuka nimepata watu kumi na kitu kwa siku moja? Na namba zao sina hata moja.

#2 mlenda_mzito
Nimekaa paleeee 🪑

#3 Zabibu Kavu
Chai. Ila tamu, ongeza sukari.

#4 Chalinze Ipi
IST imefika Mungomi wa Kolo? Ile njia ya vumbi na mawe? Picha au hukwenda.

#5 Mwana wa Ihumwa
@Chalinze Ipi haikufika mkuu, tuliiacha njiani tukatembea, mguu wangu mpaka leo unaniambia.

#6 Mrangi wa Bereko
Karibu sana kwetu mkuu. Nikupe taarifa kidogo kwa faida ya wote. Ile michoro iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, miamba iko zaidi ya 150, imetawanyika eneo kubwa kweli, hapo Mungomi mmeona tone tu. Unapita kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo barabarani unalipa kiingilio unapewa wa kukuongoza, msiende kienyeji.

Kuhusu swali lako jibu ni jepesi, ni lami. Kinyume na unavyodhani lakini. Zamani hiyo barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, basi linatoka Kondoa asubuhi mnalala porini, mnasukuma wote, mkishasukuma basi pamoja hakuna mgeni tena hapo. Sasa hivi watu wanapita kwetu kama mshale. Nyie mlichemsha, mkarudishwa zamani. Gari isingechemsha msingemjua mtu.

#7 Mzee wa Saranda
@Mrangi wa Bereko ni 2006 sio 1996. Mengine sawa.

#8 Mrangi wa Bereko
Shikamoo mzee, ni kweli 2006, kidole kiliteleza.

#9 Fundi Rejeta
Mimi la urafiki sijui ila la kuchemsha nalijua. IST ina feni ya umeme. Lami tupu spidi 80 upepo unaingia wenyewe huwezi jua kama feni imekufa. Ukianza kupanda mlima gia ndogo, watu watatu, AC umewasha, jogoo nae anapumua, hapo ndo feni inatakiwa na haipo. Angalia fyuzi kwanza kabla hujakimbilia kubadili rejeta. Halafu angalia mfuniko wa rejeta kama unabana. Na niambie ukweli, mlifungua ikiwa ya moto?

#10 Mwana wa Ihumwa
Jamaa alitaka kufungua. Mzee akamshika mkono akamwambia "mwanangu kaa chini". Hakusema kingine. Akatoa karanga kwenye begi la mjukuu tukala mpaka ikapoa, akawa anagusa boneti kwa nyuma ya kiganja kama mama anavyopima homa ya mtoto.

#11 Fundi Rejeta
Mzee huyo kawaokolea sura. Mpelekeeni sukari.

#12 Dada wa Kintinku
Naomba niseme tofauti kidogo. Huu uzi ni mtamu kwa sababu mleta mada ni mwanaume. Nyie mnasema kukurupuka, sisi tukikurupuka inaitwa kujitakia. Mimi nikisafiri ghafla kabla sijapanda gari la mtu napiga picha namba za gari namtumia dada yangu, na ninamwambia dereva kabisa kwamba nimetuma, akinuna siendi.

Ila sikatai kwamba ipo. Mwaka juzi nilikuwa natoka Manyoni nikakosa basi, nikapata lifti ya Fuso la vitunguu kwa sababu tu mbele alikaa mama mtu mzima, ndo mwenye mzigo. Tumeteremka ule mlima wa Saranda mpaka Bahi amenihadithia ndoa tatu. Tatu. Na wala siyo za watu wa redioni, za kwake. Nimeshuka pale najua alimuacha mumewe wa pili kwa sababu gani na jina lake silijui. Mpaka leo nikila kachumbari namkumbuka.

Kwa hiyo jibu langu mimi, watu wanaongea kwa sababu wanajua hamtaonana. Ningekuwa jirani yake Manyoni asingenihadithia hata ndoa moja.

#13 Zabibu Kavu
@Dada wa Kintinku sababu ya kumuacha wa pili ilikuwa ipi

#14 Dada wa Kintinku
@Zabibu Kavu 😂 panda Fuso.

#15 Kaka Utingo
Mnaongea kama mnajua barabara. Mimi nimekuwa utingo wa semi miaka 6, Dar mpaka Rusumo, sasa nimeshika usukani mwenyewe. Watu wa barabarani hawakuzoei kwa sababu ya lami wala sijui hamtaonana. Sisi tunaonana kila wiki na tunaongea. Ni CHAKULA. Basi likisimama dakika kumi kila mtu anakimbilia chipsi zake anarudi kukaa nazo mapajani amefumba macho utafikiri anakula mtihani. Semi zikiegeshwa jioni mnapika pamoja, huyu ana unga huyu ana jiko huyu kapita Kibaigwa na Gairo ana viazi, ukishachovya kwenye bakuli moja na mtu umekwisha. Mleta mada soma mwenyewe ulichoandika, karanga za mzee, wali maharage wa mama ntilie. Hamkuwa marafiki kabla ya karanga.

#16 Mzee wa Saranda
Kijana hapo umenena. Reli ya kati toka Wajerumani wanaifikisha Kigoma 1914 imekuwa inaenda hivyo, kwa chakula. Sisi tulikuwa tunapanda daraja la tatu, treni ikisimama Saranda kuku wanapanda dirishani, anayekaa dirishani ananunua kwa niaba ya watu wanane, pesa zinapita mikononi kwenda, kuku anapita mikononi kurudi, na hakuna aliyeiba paja. Ukifika Tabora behewa zima mnajuana majina ya watoto.

#17 mlenda_mzito
hakuna aliyeiba paja 😂😂 mzee hapo unatupiga

#18 Mzee wa Saranda
Labda kipapatio.

#19 Nyika Moja
Kwa hiyo kwa hoja ya mzee SGR itakuwaje? Nimepanda mara nne toka ianze 2024, Dar Dodoma, siti ina namba, kiyoyozi, hakuna dirisha la kufungua, hakuna kuku. Mara zote nimeongea na mtu mmoja tu na aliniomba nimtolee begi juu.

#20 Chalinze Ipi
Ila ulifika kwa muda mfupi mkuu, au unataka kusukuma treni ili upate marafiki?

#21 Nyika Moja
Silalamiki, nauliza.

#22 Mwanasheria wa Kijiweni
Wadau nitoe angalizo fupi kabla watu hawajaanza kubeba abiria kwa kisingizio cha "kukutana". Gari binafsi ukichukua nauli ni kosa, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanahitaji leseni ya kubeba abiria, na bima yako ya gari binafsi ikitokea ajali ukiwa unafanya biashara utaanza kuzungushwa. Trafiki akikusimamisha anamuuliza abiria, sio wewe, "umelipa shilingi ngapi", na abiria wa ghafla huwa mkweli sana. Mleta mada, yule mzee alilipa?

#23 Mwana wa Ihumwa
Alitaka kutuachia jogoo. Tulikataa.

#24 Mwanasheria wa Kijiweni
Jogoo ni malipo pia. Mlifanya vizuri kukataa.

#25 Kaka Utingo
Mlifanya vibaya kukataa!! Mzee anakupa jogoo unakataa?? Ndo maana huna namba yake.

#26 Mama Ilazo
Naunga mkono #25. Kumkatalia mtu mzima zawadi ni kumwambia hutaki udugu nae. Ungepokea, ukifika stendi ya Kolo unamwambia babu nitunzie, nitamfuata. Hapo umemuachia jogoo na umeacha sababu ya kurudi. Nyie vijana wa mjini mnajua kushukuru tu hamjui kupokea.

#27 Mwana wa Ihumwa
Mama hii imenichoma kweli.

#28 Zabibu Kavu
Turudi kwa watu wa ukutani, huko juu mliona nini?

#29 Mwana wa Ihumwa
Ngoja nieleze maana hapa ndo palikuwa patamu. Unapanda mawe mpaka unahema, unafika chini ya jiwe limening'inia kama ukumbi wa nyumba, mwanzoni huoni kitu, jiwe tu. Halafu muongozaji anakuonyesha kwa kijiti bila kugusa, na macho yakizoea unaona kwamba jiwe zima limejaa. Rangi nyekundu ya kama damu iliyokauka. Wanyama, watu warefu wembambaaa kama njiti, vichwani wana kitu kama nywele zimefutuka au kofia sijui.

Kuna pahala pana watu watano. Wa katikati anavutwa mikono, wawili huku wawili huku. Muongozaji akasema wapo wataalamu wanaoona ni mwanamke anatekwa na wenzake wanamng'ang'ania, wengine wanasema ni ngoma ya matibabu watu wameshikana. Yule Mholanzi akasema yeye anaona ni ngoma. Mkewe akasema hapana, anatekwa. Wakaanza kubishana kwao kwa Kiholanzi na sisi tumesimama. Jamaa yangu akaangalia weee akasema "hawa ni makonda wa stendi ya Nanenane wanagombea abiria".

Muongozaji akajaribu kuwatafsiria wale wazungu, akashindwa kwa kicheko. Mzee akakaa juu ya jiwe akacheka mpaka jogoo akaanza kupiga kelele.

#30 Chalinze Ipi
😂😂😂😂 hapana hii hata kama ni chai nimekunywa birika zima

#31 Mrangi wa Bereko
Mkuu umeeleza vizuri. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuichora hiyo michoro 1951, na tafsiri ya kutekwa inatokana na kina yeye. Nyekundu inasemekana ni ya wawindaji wa zamani, watu wenye undugu na Wasandawe hawa wa kule Kwa Mtoro wenye lugha ya kugonga ulimi. Ile nyeupe ya juu yake ni ya baadae, ya sisi wakulima. Na msidhani ni makumbusho, wazee mpaka leo wanaenda Mungomi kufanya matambiko, kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Kwa hiyo huyo mzee wenu na jogoo wake... mlimuuliza jogoo ni wa nini?

#32 Mwana wa Ihumwa
Hatukumuuliza.

#33 mlenda_mzito
JOGOO ALIPANDA MLIMA MKUU. ALISHUKA???

#34 Mwana wa Ihumwa
Alishuka. Ndo huyo alitaka kutupa stendi. Acheni kunitisha nalala peke yangu.

#35 Mrangi wa Bereko
Hakuna kutisha hapo, nimeuliza tu. Inawezekana alikuwa anampeleka kwa binti yake.

#36 Msafiri wa Mtera
Nimechelewa kuuona uzi. Mbukwenyi wote. Hao wazungu wa baiskeli mimi nadhani nimewaona! Mimi niko barabara ya Iringa, Chipogolo hapa, nina kibanda cha soda. Kapita mtu wa baiskeli, daftari hilo hilo limelowa, kanipa niandike kijiji. Ila alikuwa mwanamke peke yake na alisema ni Mjerumani. Kwa hiyo sijui.

Kakaa kwangu masaa mawili anasubiri jua lipungue, nikamwambia Mtera utakula perege wabichi ila ukifika kwenye lile daraja la bwawa usitoe simu kupiga picha, watakusumbua. Akaandika kwenye daftari, "perege ndiyo, picha hapana". Tukacheka.

#37 Nyika Moja
Uliona kwenye daftari kama imeandikwa Ihumwa?

#38 Msafiri wa Mtera
Niliona majina mengi, Kiarabu pia. Ihumwa sikumbuki. Niliona Babati na jingine la herufi kubwa limeandikwa taratibu sana kama la mtoto wa darasa la pili, ila sikulisoma.

#39 Mwana wa Ihumwa
Mzee!!! Herufi kubwa ni mzee!!!

#40 Zabibu Kavu
Au ni mtoto wa darasa la pili.

#41 Mama Ilazo
Labda walikutana njiani wakapeana daftari. Au wazungu waligombana kule juu ya michoro wakaachana, mke kaendelea na daftari 😅

#42 Chalinze Ipi
Mama Ilazo umeshawapa talaka watu wa watu. Na Mholanzi kageuka Mjerumani Chipogolo, kama mimi kila nikisema natoka Chalinze watu wanadhani ya Pwani, ndugu zangu ipo Chalinze ya Chamwino hapa hapa Dodoma, ukivuka Buigiri unaenda Dar, nyama choma ya kufa mtu, msinipelekee mizigo Pwani.

#43 Mpanga Ratiba
Mimi nitapinga mada nzima. Mleta mada unasema safari iliyopangwa haikutanishi, sio kweli, wewe ndo hukutaniki. Ukiwa kikazi una laptop, una simu, una spika za masikioni, una presentesheni kesho asubuhi. Jumamosi hukuwa na pa kuwahi. Mtu asiye na pa kuwahi anapungiwa mkono na anasimama. Hebu niambie, ungekuwa unawahi kikao Babati ungembeba mzee na jogoo?

#44 Mwana wa Ihumwa
Nisingembeba. Nakiri.

#45 Kaka Utingo
Lakini mimi nina pa kuwahi kila siku na mzigo una tarehe na nasimama. Hoja ya #43 inafaa watu wa ofisini tu. CHAKULA.

#46 Dada wa Kintinku
Na wale akina mama wa dumu? Walikuwa na sare, maana yake wana shughuli, wanawahi. Wamesimama. Hawakula nao chochote. Hawakusukuma gari. Kwa hiyo sio lami ya Mrangi, sio chakula cha Utingo, sio ratiba.

#47 Mpanga Ratiba
Hao ni wema tu.

#48 Dada wa Kintinku
Wema nao si jibu? Ila mimi nasema waliona mzee. Wangekuta vijana wawili peke yao wamefungua boneti porini akina mama wasingesimama, nakuhakikishia. Mzee na jogoo ndo waliosimamisha gari. Kwa hiyo aliyewapa lifti siku hiyo ni mzee, sio nyie.

#49 Mzee wa Saranda
Binti huyu ana akili.

#50 Binti wa Chemba
Jamani nimetumiwa huu uzi na shangazi yangu kwenye grupu la familia. Ni sisi. Hilo dumu ni letu na hamkurudisha.

#51 mlenda_mzito
WEWEEEE

#52 Zabibu Kavu
Ngoja kwanza. Kila uzi lazima atokee mmoja wa "ni mimi". Dumu rangi gani?

#53 Binti wa Chemba
Njano, kama madumu yote ya Tanzania. Mfuniko wake ulipotea tumeziba kwa nailoni na gunzi la mahindi. Na haikuwa harusi kama mnavyodhani, tulikuwa tunaenda msibani Bereko, sare ni za kikundi chetu. Tulisimama kwa sababu shangazi alisema "ona yule jogoo". Ndo hivyo tu. Dereva wetu hakutaka kusimama.

#54 Mwana wa Ihumwa
Wakuu gunzi lipo. Sikuandika habari ya gunzi popote, kaangalieni #1. Poleni sana kwa msiba, na tuliwatafuta Kolo mpaka nikachoka.

#55 Binti wa Chemba
Tumeshapoa kaka. Mngetutafuta Bereko, tulisema mbele sio Kolo.

#56 Zabibu Kavu
Gunzi sio ushahidi, nusu ya madumu ya mkoa huu yana gunzi. Alama nyingine?

#57 Binti wa Chemba
Kwenye mshikio chini kuna herufi imechomwa kwa msumari wa moto. R.

#58 Mwana wa Ihumwa
Natoka nje na tochi.

#59 Chalinze Ipi
Hapa nimeacha mpira.

#60 Mwana wa Ihumwa
Herufi ipo. Ila mimi naona ni K.

#61 Fundi Rejeta
Msumari wa moto kwenye plastiki huwa unateleza, R inageuka K kirahisi. Kazi ya mikono hiyo naijua.

#62 Mwanasheria wa Kijiweni
Mwenye mali athibitishe bila shaka yoyote. R ya nani?

#63 Binti wa Chemba
Ya jina la shangazi. Silitaji humu, Zabibu Kavu atakuja kulichukua yeye.

#64 Mama Ilazo
Mwana wa Ihumwa, lirudishe dumu, na safari hii ukipewa kitu pokea.

#65 Mwana wa Ihumwa
Jumamosi hii nalipeleka. Nimeshamwambia jamaa, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, mafuta ful tanki, maji lita 10 pembeni, Chemba saa mbili kasoro, Bereko saa nne, kurudi saa nane.

#66 Mpanga Ratiba
Umeipanga.

#67 mlenda_mzito
😂😂😂 basi hakutani na mtu huyo

#68 Kaka Utingo
Beba karanga.

#69 Fundi Rejeta
Feni uliangalia?

#70 Mwana wa Ihumwa
Fyuzi ndo ilikuwa imekufa, fundi. Nimeweka mpya leo.

#71 Binti wa Chemba
Shangazi anauliza kama mzee na jogoo wake nao wanakuja, au tusikae barabarani kabisa.